Mkaa Chini ya Bikoni

Katapila lilikuwa linanguruma tangu asubuhi mbele ya nyumba ya Mzee Gia, na mpelelezi aliyeitwa Njiti alikuwa bado yuko mjini, ghorofani kwenye ofisi za Mipango Miji, anasubiri mtu amalize kunywa chai.

Walimwita Njiti kwa umbo lake, na kwa njiti ya kiberiti ambayo haikumtoka mdomoni tangu alipoacha sigara. Aliitafuna mpaka ikawa brashi, akaitema, akatia nyingine. Asubuhi hiyo kiberiti kilikuwa kinakaribia kwisha.

Kesi ilikuwa imefungwa, au hivyo ndivyo mkuu wa kituo alivyosema. Mkaguzi wa majengo wa jiji alikutwa jana alfajiri amekufa mtaroni, kando ya nyumba ya Mzee Gia, kichwa kimepasuliwa, na sururu ya Mzee Gia imelala ubavuni mwake. Jioni iliyotangulia mtaa mzima ulimsikia mzee huyo akimwambia marehemu kwamba atakayerudi kupaka alama ya kuvunja kwenye ukuta wake atamzika hapo hapo. Kucha za marehemu zilikuwa nyeusi kwa mkaa, na mke wa Mzee Gia anauza mkaa kwa kopo pale uani. Ulitaka nini tena? Mzee alikuwa selo, mchana apelekwe mahakamani. Na kwa kuwa nyumba yenyewe ilikuwa imepangiwa kuvunjwa leo ili ipishe barabara, jiji halikuona sababu ya kungoja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Muuaji na nyumba yake viondoke siku moja," mkuu wa kituo alimwambia Njiti. "Tumalize."

Njiti alikuwa na jambo moja tu, dogo, lililomsumbua kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Mtumishi wa chumba cha maiti alimwambia kwamba mkaa ule wa kwenye kucha ulichanganyika na udongo mwekundu. Sasa, kule kwa Mzee Gia udongo wa juu ni mchanga wa kijivu, mtaa mzima. Udongo mwekundu uko chini, wanakofika wachimba msingi na wachimba kaburi. Marehemu aliupata wapi?

Katapila likipita pale, chini itakuwa juu na juu itakuwa chini, na swali lenyewe litakuwa limezikwa.

"Sasa unaweza kuingia," karani akamwambia.

Mkuu wa Mipango alikuwa mtu wa sauti laini, mtu wa kuomba radhi kabla ya kukuumiza. Meza yake ilikuwa pana na haikuwa na kitu juu yake isipokuwa makombo ya mkate.

"Samahani sana, afande. Nilikuwa kikaoni."

"Nilikisikia kikao kikikoroga sukari," Njiti akasema. "Nieleze nyumba ya Mzee Gia ilifikaje kuvunjwa."

"Taratibu zote zilifuatwa. Nyumba imeingia ndani ya hifadhi ya barabara. Tulitoa tangazo, siku za pingamizi zikapita, hakuna aliyepinga."

"Tangazo lilibandikwa wapi?"

"Kwenye ubao wa matangazo, kama sheria inavyotaka."

"Ubao uko wapi?"

Mkuu wa Mipango akaelekeza kwa kalamu. Ubao ulikuwa kwenye ujia wa ndani, nyuma ya mlango ulioandikwa Wafanyakazi Tu.

"Kwa hiyo mzee angetakiwa kwanza aajiriwe hapa, ndipo asome kwamba anavunjiwa."

"Sheria inasema libandikwe ofisini, afande. Haisemi ofisini wapi."

"Mzee anasema bikoni yake ilihamishwa. Kwamba lile jiwe la mpaka halikuwa pale lilipo sasa."

"Wote husema hivyo. Sijapata kukutana na mtu anayevunjiwa akaniambia jiwe liko sawa."

"Naweza kuona ramani ya zamani?"

"Iko kwa mwanasheria."

"Mwanasheria yuko wapi?"

"Likizo."

Njiti akahamisha njiti kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine. Dirishani aliona watu uani wamekaa juu ya matofali, mafaili mapajani, wanasubiri vibali vya kujenga choo. Wengine walikuwa wamesubiri mpaka wamezoeana na kutaniana kama ndugu wa msibani.

"Na yale maduka ya ghorofa, ng'ambo ya nyumba ya mzee? Yale ya vioo. Yana kibali?"

"Kamili. Kiwanja kilibadilishwa matumizi kutoka makazi kuwa biashara. Nilisaini mwenyewe."

"Yakakaguliwa na nani?"

"Na marehemu. Mungu amrehemu." Mkuu wa Mipango akatazama saa yake. "Afande, ngoja nikuitie mtu akutoe wasiwasi."

Aliyeitwa alikuwa mpimaji wa jiji, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Nukta. Mfupi, msafi, penseli zake zimepangwa mfukoni kwa urefu. Alipokuwa akivuka chumba alipita kwenye picha iliyopinda ukutani. Mkono wake ukainuka ukainyoosha, naye macho yake yako kwa Njiti na mdomo uko kwenye salamu. Hakuonekana kujua kama ameigusa.

"Afande anataka kujua kama jiwe linaweza kuhama," Mkuu wa Mipango akasema.

"Linaweza," Bwana Nukta akajibu bila kusita. "Zege ni zege. Wezi wa ardhi wanalibeba kila kukicha. Ndiyo maana sisi hatuliamini jiwe."

"Mnaamini nini?"

"Mkaa."

Njiti akaacha kutafuna.

"Kabla ya kusimika bikoni tunachimba shimo," Bwana Nukta akaendelea, na sauti yake ikachangamka kama ya fundi aliyeulizwa habari za kazi yake. "Tunaweka mkaa chini, tunashindilia, ndipo zege linakaa juu. Mkaa hauozi, afande. Hauliwi na mchwa. Wewe utakufa, mimi nitakufa, mkaa utabaki. Mwizi akija anabeba jiwe na kwenda kulisimika anakotaka, hajui kwamba alama yenyewe iko chini. Siku ya ugomvi tunafukua. Pasipo na mkaa, jiwe hilo ni la uongo."

"Kila jiwe mnalifanyia hivyo?"

"Kila moja nililosimika kwa mkono wangu. Hata nikitaka kuacha, mkono wenyewe ungekataa."

"Na la Mzee Gia?"

"Nenda kafukue. Mimi mwenyewe nakuja huko sasa hivi. Lazima mpimaji aonyeshe mstari kabla ya kubomoa."

"Huna wasiwasi."

"Wa nini? Jiwe litajitetea."

Njiti alishuka ngazi kwa haraka kiasi kwamba wale wa kwenye matofali walifikiri amepata kibali.

*

Dereva wa katapila alikuwa jibaba la shingo nene, ameegemea gurudumu la chuma huku mashine inatikisika na kutoa moshi mweusi. Nyuma yake nyumba ya Mzee Gia ilisimama na alama moja kubwa nyekundu ukutani.

"Mbona hujaanza?" Njiti akamuuliza, kwa kupaza sauti juu ya ngurumo.

"Injini haijapata moto, afande."

"Tangu alfajiri?"

"Mashine ya zamani hii. Inaweza kula asubuhi nzima, hasa kama wakubwa wenyewe hawajui mashine." Akaipapasa kama ng'ombe. "Mzee Gia ndiye aliyenifundisha kuiendesha. Alinichapa makofi kwenye usukani huu huu. Jiji limemstaafisha, sasa linanituma mimi nimvunjie." Akatema mate pembeni. "Lakini bosi akifika akasema twende, nitakwenda. Nina watoto, afande. Usinitegemee sana."

Mke wa Mzee Gia alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya mlango wa nyumba yake, mikono mapajani. Nyuma yake kila kitu kilikuwa mahali pake, mpaka pazia. Hakutoa hata kijiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mzee wangu amekula?"

"Amekula, mama."

"Uongo huo. Hali chakula cha watu." Akamwangalia. "Umekuja kunitoa?"

"Si mimi. Ila ni bora utoke, mama. Hii mashine si mchezo."

"Nikitoka mtaandika kwamba nilihama kwa hiari yangu. Nawajua. Niulize ulichokuja kuuliza."

Njiti akachuchumaa mbele yake ili wasikilizane. "Hilo jiwe la mpaka. Zamani lilikuwa wapi?"

"Pale." Akaonyesha kwa kidevu, mbali, kwenye ua wa michongoma ukingoni mwa mtaro. "Nilikuwa nikirudi na gunia la mkaa nalitua juu ya jiwe lile, napumua, halafu naingia ndani. Siku moja mvua zilipokatika, nikatua gunia likaenda chini, puu. Jiwe halipo. Nikajiambia, mama wewe umeanza kuzeeka vibaya. Mume wangu akaja akaliona hapa, karibu na dirisha la chumbani. Akaenda ofisini kwao. Wakamwambia alete ramani."

"Akawaambiaje?"

"Akawaambia ramani mnayo ninyi. Wakamwambia basi aandike barua ya kuiomba." Akacheka kidogo bila furaha. "Ukienda kwa fisi kudai mfupa, atakuuliza risiti."

"Na mkaguzi? Ule ugomvi wa juzi?"

"Ninyi mmesikia wa kelele. Wa kunyamaza hamkuuliza." Akainamia mbele. "Alikuja na kopo la rangi kurudia alama, ile ya kwanza ilikuwa imepauka. Mume wangu akafoka, akasema maneno yale, na majirani wakayabeba. Lakini baadaye akamwambia, wewe mtu wa serikali, kabla ya kupaka rangi simama hapa, tazama barabara inavyokuja toka kule chini. Barabara imenyooka, ikifika kwangu inakunja kama imeona nyoka. Inamkwepa nani? Mkaguzi akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akatazama yale maduka ya vioo muda mrefu, mwanangu. Akafunika kopo lake akaondoka. Hakupaka."

Njiti akageuka kuutazama ukuta. Kweli. Alama ilikuwa ile ya zamani, imepauka, haijarudiwa. Polisi wote walipita mbele yake jana, yeye mwenyewe akiwemo, wakaona alama nyekundu na hawakuona kitu.

"Sururu hukaa wapi?"

"Nje, ukutani. Nani aibe sururu?"

Njiti akaazima koleo la dereva. Bikoni ilikuwa karibu na dirisha, jiwe la zege lenye chuma katikati, kuukuu, limeota ukungu upande mmoja. Akachimba pembeni yake. Mchanga wa kijivu ukatoka, kisha udongo ukaanza kuwa mwekundu. Alikuwa akichimba huku akiomba kimoyomoyo asikute kitu. Pasipo na mkaa, jiwe ni la uongo. Kama hapakuwa na mkaa, mzee alikuwa amesema kweli, na kesi ingefunguka upya.

Koleo likakwaruza. Akaingiza mkono chini ya zege.

Mkono ukatoka mweusi.

Wakati huo huo gari la jiji likaegeshwa kando ya katapila, Mkuu wa Mipango akashuka upande mmoja na Bwana Nukta upande wa pili, amebeba fimbo yake ya kupimia. Waliuona mkono wa Njiti kabla hajapata pa kuuficha.

"Umeridhika, afande?" Mkuu wa Mipango akauliza, kwa ile sauti yake ya pole.

"Mkaa huu," Bwana Nukta akasema kwa utulivu. "Nilikwambia litajitetea."

Mlangoni mikono ya mke wa Mzee Gia ilianza kukamatana mapajani.

"Dereva," Mkuu wa Mipango akaita. "Panda."

"Bosi, injini..."

"Injini inanguruma mpaka ofisini kwangu tunaisikia. Panda, au nitafute anayejua kupanda."

Dereva akamtazama Njiti, akamtazama yule mama mlangoni, akapanda. Katapila likaguta, likajivuta mbele, ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyao. Simu ya Njiti ikaanza kulia mfukoni. Mkuu wa kituo. Akaiacha ilie.

Alibaki amechuchumaa na kipande cha mkaa kiganjani. Akakivunja. Kilikatika kwa mlio mkavu, ndani kinang'aa, ncha zake kali zikamchoma kidole. Mkaa mpya. Mkaa wa kopo la jirani. Mtu angeweza kuutia jikoni ukawaka saa hiyo hiyo. Lakini jiwe hili, kwa ukungu ule, lilisimikwa kabla yule dereva hajaoa.

Njiti akanyanyuka. Akaenda kwenye michongoma, si kwa kukimbia, maana mtu akikimbia wengine nao hukimbia. Chini ya ua, pale mama alipoonyesha kwa kidevu, palikuwa na majani makavu yaliyorundikwa. Majani mapana. Michongoma haina jani pana, na hapakuwa na mti mwingine wowote karibu. Akayapangua kwa mguu. Ardhi chini yake ilikuwa laini, imekanyagwa na kukanyagwa.

Akachimba kama mbwa. Nyuma yake ngurumo ilizidi. Kijivu. Nyekundu. Kisha nyeusi.

"Simamisha!" akapiga kelele, na huo ndio ulikuwa ukelele wake pekee siku ile.

Dereva hakungoja kuambiwa mara ya pili. Koleo la katapila lilikuwa limefika usawa wa dirisha.

"Bwana Nukta," Njiti akaita, kwa sauti ya kawaida sasa. "Njoo unisaidie. Hiki ni nini?"

Mpimaji akaja, akainama. Mkuu wa Mipango ndiye aliyejibu toka nyuma. "Mkaa, afande. Watu hawa ni wauza mkaa. Chimba popote hapa utaupata."

"Mama," Njiti akauliza bila kugeuka, "biashara ya mkaa mlianza lini?"

"Mume wangu alipostaafu. Mwaka juzi."

Njiti akashika mzizi wa mchongoma ndani ya shimo na kuuvuta. Ulikuwa mnene kama kidole gumba, na ulikuwa umepita katikati ya mkaa, ukaugawanya, ukaukumbatia, ukatokea upande wa pili. Mkaa wenyewe ulikuwa umelowa na kulainika kama mkate kwenye chai. Upande mmoja tu wa shimo ndio uliovurugwa, umekwanguliwa kwa vidole.

"Mzizi huu haukuanza kuota mwaka juzi," akasema. "Na mzizi hauna bosi wa kuuambia upite wapi. Huu ndio mkaa wa bikoni ya mzee. Na hapa ndipo mkaguzi alipotia mikono yake. Mkaa na udongo mwekundu, vyote viwili vilikuwa kwenye kucha zake. Sisi tukasema ni mkaa wa yule mama, kwa sababu ndio uliokuwa rahisi."

"Basi mzee alihamisha jiwe mwenyewe," Mkuu wa Mipango akasema.

"Ajihamishie barabara chumbani kwake?"

Juu ya katapila dereva akacheka kwa sauti, akazima injini. Mtaa wote uliokuwa umejificha nyuma ya mapazia ukaanza kutokeza vichwa.

"Jiwe ni moja," Njiti akasema, "mkaa ni wa sehemu mbili. Nimejiuliza aliyelihamisha ni nani. Bwana Nukta, asubuhi umenifundisha vizuri. Mwizi wa ardhi hubeba jiwe tu, hajui kuna kitu chini. Lakini huyu wetu alilibeba, akachimba shimo jipya, akanunua mkaa, akauweka chini, akashindilia, ndipo akasimika. Tazama lilivyokaa pale. Halijainama upande wowote. Mwizi gani anaiba kwa adabu hivi?"

Bwana Nukta alikuwa amerudi kwenye lile jiwe la dirishani kama aliyevutwa na kamba. Njiti alipolichimbua alikuwa amemwaga udongo juu yake. Mpimaji akaupangusa kwa kiganja. Akaondoa kijiwe kilichobaki. Akalisukuma kidogo, likakaa sawa. Ndipo alipogundua kwamba watu wote, mpaka dereva huko juu, walikuwa wanautazama mkono wake.

Akautia mfukoni.

"Jiwe likirudi kwenye michongoma," Njiti akasema, "barabara inapita wapi?"

Kila mtu aligeuka kutazama ng'ambo, kwenye maduka ya vioo na ngazi zake pana. Barabara ilikuja imenyooka kutoka chini na kuelekea moja kwa moja kwenye zile ngazi.

"Mtu alisaini kibali kabla ya mtu mwingine kupima," Njiti akasema. "Jengo likapanda, likaezekwa, ndipo ikaonekana limekaa njiani. Kufuta kibali ni aibu, wakubwa wataulizana. Kuvunja nyumba ya dereva mstaafu si aibu ya yeyote. Ikaonekana ni rahisi kuisogeza barabara."

Mkuu wa Mipango akarudi nyuma kidogo. Akarudi tena, mpaka kati yake na mpimaji pakawa na nafasi ya kupita gari.

"Afande," akasema, "mimi nasaini ninacholetewa. Anayepima ni mpimaji. Kama mpimaji ametudanganya, hata mimi nimedanganywa."

Bwana Nukta akaitazama ile nafasi iliyofunguka kati yao. Aliitazama kama anayepima.

"Mkuu," akasema polepole. "Uliniambia jiwe tu. Ukasema yaliyobaki utamaliza wewe."

"Sijui anasema nini huyu."

"Barabara aliihamisha yeye, kwa kalamu, amekaa. Mimi nilihamisha jiwe." Alisema bila hasira. Alikuwa kama mtu anayesahihisha hesabu ya mwenzake.

"Na mkaguzi?" Njiti akauliza.

Mpimaji akageuka kuutazama mtaro. Mama mlangoni alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Tulianza kazi siku moja mimi na yeye," mpimaji akasema. "Alinipigia simu, njoo uone kitu. Nilipofika alikuwa ameshafika chini, anachimbua kwa vidole, tochi iko mdomoni. Nikamwambia acha. Nikamwambia tena. Akanipa kipande, akasema, huu mkaa wako, ushindiliaji wako naujua hata nikiwa kipofu. Akasema kesho tutakwenda wote kwa mkuu tukamweleze kuna kosa. Alifikiri ni kosa. Alifikiri mkuu hajui. Sururu ilikuwa ukutani."

Njiti akatoa pingu. Alikuwa amebakiza swali moja, na hakuliuliza kwa ajili ya mahakama.

"Ulikuwa na muda. Siku ulipohamisha jiwe ulikuwa na muda, na baada ya kumpiga ulikuwa na muda wa kutafuta majani ya kufunikia. Mkaa wa zamani ungeuchota tu ukautupa mtaroni, leo nisingekuwa na kitu. Kwa nini uliuacha?"

Bwana Nukta akamtazama kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa kwa nini hakumvua maiti viatu.

"Alama ya chini haiguswi," akasema. "Ndivyo tulivyofundishwa. Jiwe unaweza kulisogeza, lakini alama ya chini haiguswi na mtu yeyote."

"Mtu ukamgusa."

Mpimaji akanyoosha mikono mbele, sambamba, kwa usawa, Njiti akamfunga pingu.

Simu ikalia tena. Safari hii akapokea.

"Njiti." Mkuu wa kituo alikuwa anahema. "Mkuu wa Mipango ametuma ujumbe kwamba unazuia kazi ya jiji. Ondoka hapo mara moja."

"Naondoka, afande. Nakuja na mtu. Yule mzee umtoe selo kabla gari la mahakamani halijafika."

"Mtu gani? Njiti, nani amekuruhusu..."

"Kuna mwingine namuuliza uliza kidogo, halafu nakuja na wawili."

Aligeukia sauti ya mlango wa gari. Mkuu wa Mipango alikuwa ameshaingia, ameshika simu sikioni na usukani kwa mkono mwingine, anataka kurudi nyuma kuingia barabarani. Lakini Njiti alipokuwa kwenye simu dereva alikuwa ameliwasha tena katapila, likarudi kinyumenyume, taratibu, likakaa mkingamo nyuma ya gari lile, chuma kimegusa bampa. Honi ikapigwa. Ikapigwa tena.

Dereva akachungulia kutoka juu, amekunja uso kwa masikitiko.

"Samahani sana bosi. Injini imezima. Na ukishaizima hii, mpaka ipate moto tena..." Akatikisa kichwa. "Labda jioni."

Njiti akatema njiti yake, akaanza kuliendea lile gari.

Mlangoni mke wa Mzee Gia alikuwa amesimama, mara ya kwanza tangu alfajiri, na alikuwa akisikiliza kimya cha injini kama mtu anayehakikisha. Akamuuliza Njiti alipokuwa anapita:

"Anarudi leo?"

"Leo, mama."

"Usinidanganye kama ulivyonidanganya kwenye chakula."

"Leo, mama. Hata kama itabidi niketi mlangoni pa selo."

Akamwangalia, akapima. Kisha akachukua kile kiti, akakirudisha ndani, na aliporudi alikuwa na kopo. Akachota mkaa kwenye gunia lake, akalijaza mpaka juu, akaingia kuwasha jiko.